Nyani Aliyejua Nani Anajua

Ngano, ngano!
— Imwage!
Niimwage wapi?
— Masikioni mwetu!
Hata ikizidi chumvi?
— Tutakunywa maji!

Basi hapo kale palikuwa na Pimbi, mama wa mtoto mmoja, kanyama kadogo kasiko na mkia wala pembe. Aliishi kwenye mawe ya njia panda, kule msituni. Na juu ya jiwe refu kuliko yote alikaa Nyani, mwenye mabega kama mlango, meno kama shoka, na tumbo lisilojua neno "basi".

Nyani mwenyewe hakujua kitu, ila alijua nani anajua. Ukitaka kujua maji yako wapi, unamwendea. Ukitaka kujua uyoga upi haudhuru, unamwendea. Unaweka tunda, anainuka, anabweka "Wahu! Wahu!", anakutajia majina.

Siku moja swila akamtemea mtoto wa Pimbi sumu machoni. Tswii!

"Mama, sioni!"

Pimbi akambeba mtoto, akakwapua pera, akakimbia pu-pu-pu mpaka kwenye jiwe.

"Bwana Nyani, nani anajua dawa ya macho?"

Nyani akala pera kwanza. Nya, nya, nya. Kisha akasema, "Wa kwanza, Kanga. Wa pili, Kanga. Wa tatu, shemeji yake Kanga."

Pimbi mbio kwa Kanga. Akamkuta juu ya kichuguu anapiga kelele: "Dawa ya macho! Dawa ya macho! Dawa ya macho!"

"Dawa yenyewe ni ipi, shoga?"

"Hiyo sijui," Kanga akajibu. "Nyani humtanguliza anayesema sana. Nami nasema sana."

Pimbi akageuza njia, mtoto mgongoni. Akashuka kijitoni akilia, na huko akamkuta Bi Kobe. Bi Kobe hakuuliza mengi.

"Mwinamishe. Mmiminie maji safi, mengi, usichoke."

Wakamimina, chwaa, chwaa, mpaka jua likahama. Mwisho mtoto akapepesa macho. "Mama, nakuona. Una tope puani."

Pimbi akacheka, akalia, vyote pamoja. "Bi Kobe, mbona Nyani hakukutaja?"

"Hunitaja, mwanangu. Mimi ni wa themanini. Nilisema mara moja tu, kwa sauti yangu hii. Nani hufika wa themanini?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeacha mitishamba. Najifunza kupiga kelele. Nguchiro naye ameacha kuchunguza uyoga, ametafuta kichuguu chake."

Pimbi akawaza: Leo mtoto amepona. Kesho je, Bi Kobe akishakuwa Kanga?

Asubuhi akamwendea Kanga. "Shoga, nikunong'oneze? Nyani anapenda mno habari za asali. Sema nyuki wa mwamba mwekundu hulala saa sita mchana. Atakutaja wa kwanza. Ila usimwambie mtu."

Akamwendea Ngiri. "Kaka, nikunong'oneze?" Akamwambia vilevile.

Akamwendea Nungunungu. "Mjomba, nikunong'oneze?" Akamwambia vilevile.

Haikupita siku, msitu mzima ukawa unaimba: "Nyuki hulala saa sita! Nyuki hulala saa sita!"

Nyani akaisikia habari hiyo mara mia, akaitanguliza mbele ya habari zote. "Wahu! Wa kwanza: nyuki hulala saa sita!" Mate yakamdondoka. Akajiambia, "Habari hii ni ya kweli. Si ndiyo ya kwanza? Na si mimi niliyeiweka ya kwanza?"

Akaenda mwamba mwekundu peke yake, asije akaombwa asali. Saa sita kamili akatia mkono mzingani mpaka begani.

Vuuuuu!

Wakamuuma pua, wakamuuma masikio, wakamuuma pale anapokalia. Nyani mbio, nyuki nyuma, Nyani mbio, nyuki nyuma, mpaka mtoni. Chubwi!

Akarudi njia panda, uso umevimba kama boga.

"Nani kasema nyuki hulala saa sita?"

"Hata Ngiri alisema hivyo," akasema Kanga.

"Hata Nungunungu alisema hivyo," akasema Ngiri.

"Mimi," akasema Nungunungu, "nilihakikisha kwako, Bwana Nyani. Ulituambia ni ya kwanza."

Nyani akapanda jiweni, akashuka. Kukaa hawezi, kusimama aibu. Akahamia ng'ambo ya mlima, na jiwe likabaki tupu.

Wanyama wakamzunguka Pimbi. "Sasa tutamuuliza nani?"

"Dawa, nendeni kijitoni kwa Bi Kobe. Kaeni kimya, maana anasema mara moja tu. Uyoga, kamshusheni Nguchiro kichuguuni."

Wakaenda. Bi Kobe akarudia mitishamba yake, na macho mengi yakapona.

Ila habari ya nyuki haikuhama na Nyani. Pimbi alijitokeza akasema, "Jamani, ile niliitunga mimi." Alisema mara moja, kwa sauti yake ndogo. Hakuna aliyesikia. Mpaka leo, kila kiangazi, utamwona mnyama mmoja anatoka mwamba mwekundu na uso kama boga.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyesinzia aulize jirani.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: jambo likisemwa na wengi, liaminini, msijisumbue kuuliza limetoka wapi. Na mkitamani asali, nendeni saa sita mchana. Nyuki wamelala.