Mwiba wa Bi Sikudhani

Kwenye zahanati ya Dokta Mbelwa, aliyeingia na kikohozi na aliyeingia na jino wote walitoka na taifodi.

Bi Sikudhani aliingia akichechemea.

"Mwiba huu, dokta. Kichwa chake kinaonekana, uchomoe tu."

"Mama, hapa hatutibu kwa macho. Damu kwanza."

"Mie sindano naiogopa. Jitoe wewe kwanza, nione."

Dokta akacheka, akajitoa damu kidogo. Kisha akamtoa damu Bi Sikudhani. Vichupa viwili vikakaa mezani.

"Usisumbuke, napeleka mwenyewe," alisema Bi Sikudhani. Akachukua kichupa, akajikokota hadi maabara.

Majibu yalipokuja, dokta alishika kichwa. "Taifodi sugu, na malaria juu yake! Mwenye damu hii hata kusimama hafai. Alazwe leo leo, atundikiwe dripu."

"Una hakika, dokta?" Bi Sikudhani alipaza sauti hadi kwenye benchi la wagonjwa.

"Maabara yangu haijawahi kukosea!"

"Basi lala, baba. Nilipeleka damu yako. Yangu ile pale mezani."

Benchi likaangua kicheko. Dokta akafunga mlango, akapiga magoti, akaanza kuuchokonoa mwiba.