Sultani Asiyeuliza Kwa Nini

Nawapa kisa hiki kama nilivyopewa, wala sikukipunguza ila pale kumbukumbu iliponipunguza mimi. Palikuwa na mji ukiitwa Zahrani, mji wa kuta nyeupe na misikiti mirefu, na juu ya kiti chake alikaa Sultani Shahbani bin Nadhiri, mkarimu kwa maskini na mkali kwa wadhalimu, na ila yake ilikuwa moja tu, tena aliirithi pamoja na taji. Katika ukoo wake haikuruhusiwa sultani wala mrithi wake kuuliza kwa nini. Babu yao alisema ya kwamba aulizaye nini au wapi anataka habari, lakini aulizaye kwa nini anataka kufundishwa, na sultani si mwanafunzi wa mtu. Akaapa mbele ya makadhi kwamba atakayelitamka neno hilo barazani atakuwa amejivua kiti kwa ulimi wake mwenyewe. Watu wakaisifu sana hekima hiyo, kwa maana watu husifu lolote likisemwa na mwenye taji.

Sultani huyu alikuwa na ndege wa kijani mwenye kishungi cha dhahabu, jina lake Barkashi, na kwa hakika hakuwa ndege bali jini aliyefungwa katika umbo hilo kwa pete ya akiki iliyokuwa kidoleni mwa Sultani. Aliweza kuruka hata mwisho wa nchi na kurudi kabla kahawa haijapoa, na alifungwa kwa sharti kwamba asiseme uongo, wala asijibu zaidi ya alichoulizwa.

Ikawa mkewe Sultani, Malkia Lulua, akafariki, na Sultani akamlilia mpaka watu wakamhofia. Akamzika katika bonde kavu nje ya mji, na kando ya kaburi akaamuru ipandwe bustani ya asumini na mikomamanga na mawaridi, na kwa kuwa bonde halikuwa na maji, mafundi wakauziba Mto Zabadi kwa boma la mawe na kuyageuzia maji yake bustanini. Kila alfajiri Sultani alikwenda kuketi pale akiyasikiliza maji yakipita, na huko ndiko alikopata kupumua. Hakuna aliyemlaumu, nami simlaumu, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mke aujuaye aliyemzika.

Miaka ikapita, na siku moja akamtuma Barkashi kwenda Mirabi, nchi ya jirani iliyotawaliwa na Sultani Daghari, na ndege akarudi akatua begani kwake.

"Wanafanya nini?" akauliza Sultani.

"Wananunua chuma, maulana, na wahunzi wao hawalali."

Sultani akaingiwa na hofu, na akajenga ngome mpakani. Akamtuma tena, na ndege akasema kwamba watu wa Mirabi wanafua mikuki, na Sultani akaongeza askari. Akamtuma tena, na ndege akasema kwamba majeshi ya Mirabi yamesogea mpakani, na kila neno alilolileta lilikuwa la kweli tupu. Mwishowe walinzi wa Mirabi wakamkata sikio ngamia wa Sultani aliyevuka mpaka, na mchungaji wake, mtu mpole aitwaye Sururu, akauawa akimtetea. Mji ukachafuka, vijana wakapiga ngoma za vita, na hata leo wako waalimu wanaowafundisha watoto kwamba yote yaliletwa na ngamia. Masikini ngamia, hakuwa na lake.

Siku ya kutoka majeshi ikafika, na baraza likakusanyika. Sultani akashika upanga wa babu zake ili amfunge kiunoni mwanawe wa pekee, Amiri Idarusi, ambaye ndiye alama iliyobaki ya Lulua duniani, naye mzee alijua kuwa wanaotangulia mbele ya majeshi hawarudi wengi.

"Baba," akasema Idarusi, "naomba idhini nimwulize ndege neno."

"Uliza, mwanangu."

"Ewe Barkashi, kwa nini Mirabi wameleta majeshi mpakani?"

Waziri Kutaiba, aliyemlea Amiri tangu utotoni, akainamisha kichwa na kusema, "Amiri, umejivua kiti."

"Najua, mzee wangu," akasema Idarusi. "Lakini huko nje wako maelfu wanaosubiri niwapeleke wakafe. Mmoja wao akitaka kujua sababu, nimwambie sikio la ngamia? Afadhali nikose kiti kuliko kukosa jawabu."

Ndege akanyosha shingo, akasema, "Waliiona ngome yetu, Amiri, wakadhani tutawavamia."

"Ngome tuliijenga kwa kuwa walinunua chuma," akasema Sultani kwa ghadhabu. "Na habari hiyo uliileta wewe."

"Kwa nini walinunua chuma?" akauliza Idarusi.

"Wafue majembe na sululu, wachimbe visima."

"Na mikuki?"

"Walipoiona ngome ndipo walipoyayeyusha majembe wakafua mikuki."

"Na kwa nini wachimbe visima, nao wana Mto Zabadi?"

"Mto umekauka. Mifugo yao ilikufa kwanza, na watoto wakafuata."

"Kwa nini umekauka?"

"Kwa sababu maji yake yanamwagilia bustani ya mama yako."

Upanga ukaanguka sakafuni. Sultani akasimama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono asiouona, na kwa kusahau kwake akasema, "Kwa nini hawakuniambia?"

"Walimtuma mjumbe, maulana. Alikaa mlangoni pako muda wote wa maombolezo, akaambiwa Sultani haonani na mtu, akarudi. Naye Sultani Daghari akaona aibu kuomba maji mara ya pili, kwa kuwa naye ni sultani."

"Nawe ukayajua haya miaka yote ukanyamaza?"

"Uliniuliza wanafanya nini, maulana. Hukuniuliza zaidi."

Waziri Kutaiba akakohoa kwa adabu. "Maulana, uniwie radhi. Nawe pia umelitamka lile neno."

"Basi kiti ki kitupu," akasema Sultani. "Anayekitaka na aje akikalie, na majeshi ayaongoze yeye leo hii." Wale waliokuwa wakidai vita tangu asubuhi wakatazama nyayo zao, na hakuna aliyesogea.

Sultani akaenda bustanini na mwanawe, akaketi kando ya kaburi, na asumini zilikuwa zimechanua siku hiyo kuliko siku zote.

"Baba, sikutaka kukuondolea mama," akasema Idarusi.

"Mama yako hakunywa maji na mgeni ana kiu," akasema Sultani. "Angejua nilichomfanyia, asingenisamehe. Lakini, mwanangu, nilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwa naye." Na akalia bila kujificha. Kisha akavua joho lake, akatwaa sululu ya mtunza bustani, akaenda kwenye boma akaanza kuyabomoa mawe kwa mikono yake, na askari walioitwa kwenda vitani wakamfuata wakabomoa pamoja naye mpaka mto ukarudi njia yake.

Idarusi akaenda Mirabi bila silaha, na maji yakamtangulia. Akamkuta Sultani Daghari amesimama mtoni na kanzu imelowa hadi magotini.

"Mchungaji wenu tulimwua sisi," akasema Daghari. "Fidia yake nitaipeleka kwa mjane wake kwa mkono wangu. Na watoto wetu, nani atawalipa?"

Idarusi akaingia majini akamshika mkono, na wawili wale wakasimama wakilia mbele ya majeshi ya Mirabi.

Siku ile ile sheria ya babu ikafutwa, na kiti kikabaki katika ukoo ule ule. Shahbani akaivua pete, na Barkashi akaruka bila kuaga. Idarusi akamwoa Siti Marjani, binti Daghari, na nchi zote mbili zikaneemeka kwa mavuno na biashara. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wenye mataji hupekua nguo za jirani kwanza, na wakimaliza kupekua huwa wameshazika wana wa watu.

Baada ya fungate Marjani akaomba apelekwe kumzuru mama mkwe, na Shahbani akampeleka yeye mwenyewe. Bonde lilikuwa limekauka, na miti imebaki vijiti.

"Baba," akauliza Marjani, "bustani iliyosifiwa ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa, binti yangu. Hiyo ndiyo mahari yako. Niliitoa kabla sijakujua."