Kiboko na Wimbo wa Kuku Mwenye Kofia

Nimekuja na hadithi!
— Iketi, inywe maji!
Ina ukweli?
— Kidogo, kama chumvi!

Jumatano, mwezi nane Shaabani, saa mbili asubuhi, Kiboko alijitosa katika bwawa pekee la wanyama. Tibwii! Akasema, "Langu."

Kabla ya saa hiyo, wajukuu zangu, wanyama walichota maji huku wakiimba. Aliyechota kimya aliulizwa kama anaumwa. Bibi yenu Mize, aliyenisimulia haya, akifika hapa alitabasamu, ndipo akaendelea.

Akaja Swala. "Baba Kiboko, naomba maji."

"Ondoka!" Akaondoka.

Akaja Pundamilia. "Baba Kiboko, naomba maji."

"Ondoka!" Akaondoka. Watoto wao wakaanza kukauka midomo.

Akaja Pimbi, mdogo kama paka. "Shikamoo, Baba Kiboko."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji. Nimekuja tugawane. Wewe mkubwa, chukua vitu vya maana vyote. Mimi nipe upuuzi: nyimbo, vichekesho, michezo ya watoto. Na asiimbe yeyote bila ruhusa yangu."

Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo! "Takataka zile? Chukua!"

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu mtoto wa Kiboko akaanza: Ngwaa! Ngwaa! Akapewa maji, akatema. Akapewa majani, akatema. Hanyonyi, halali.

"Anataka wimbo wa kuku," mama yake akasema.

"Si umwimbie!"

"Nimwimbie nini, na wewe umeugawa? Mwanamume mzima!"

Siku ya tano mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Kiboko akamwendea Pimbi.

"Pimbi mwanangu, mtoto atanifia. Niazime wimbo."

"Upuuzi ule?"

"Upuuzi huo huo!"

"Haya. Ila nikiimba, wenzangu wachote maji. Wimbo ukiisha, waache."

"Wenyewe mfupi. Wachote!"

Pimbi akaimba:

*Kuku kavaa kofia,*
*kofia ina dirisha,*
*dirishani kuna kuku,*
*kuku kavaa kofia…*

Mtoto akanyonya. Mtoto akalala. Wanyama wakachota, chubwi, chubwi, chubwi. Pimbi akachoka, Swala akapokea. Swala akachoka, Pundamilia akapokea.

"Mbona hauishi?" Kiboko akauliza.

"Baba, kuku bado kavaa kofia."

Wanachota mpaka leo. Na Kiboko huitikia kwa sauti nzito, pua ndani ya maji, akidhani hasikiki.

Funzo lake, wajukuu zangu: nyimbo za upuuzi hazina faida. Ziacheni, mshike mambo ya maana kama Baba Kiboko.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ya kweli chukueni, ya uongo niachieni, nimeizoea.

Ewe Mola, mrehemu Mize, aliyewalaza watoto wangu saba kwa wimbo huu. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, umlaze kwa upole. Amin.