Kibao cha Kisimani

Ndugu zangu, neno marufuku halihitaji mkalimani humu ndani. Mmelisikia tangu mnatambaa: marufuku kugusa jiko, marufuku kupanda kitandani na matope. Lilikotokea waulizeni wasomi. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na bado mmekaa mnanisikiliza mimi. Haya, tegeni masikio.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuandika mabango. Kijana hodari, na uhodari wake aliutangaza mwenyewe, hakungoja mtu. Siku moja wazee wa kijiji fulani wakamwita akaandike upya kibao cha bati kilichosimama kisimani. Kutu ilikuwa imekitafuna, limebaki neno moja tu kule juu: MARUFUKU.

"Niandike marufuku nini?" akamuuliza mzee aliyelinda kisima.

"Marufuku wageni. Wanachota wenyeji tu. Nimekua nimeikuta hivyo."

Fundi hajafungua hata kopo la rangi, akatokea mama mmoja na ndoo, mtoto mgongoni. Walihamia bondeni mwezi uleule, yeye na mumewe. Mtoto anachemka homa, midomo imekauka mpaka imepasuka.

"Shikamoo, mzee. Naomba ndoo moja tu."

"Marahaba. Kwani kusoma hujui?"

"Najua, baba. Imeandikwa marufuku. Marufuku nini?"

"Marufuku ni marufuku! Nenda mtoni."

Mto ulikuwa mwendo wa saa mbili. Yule mama hakubishana. Alikaa kwenye jiwe, akamgeuza mtoto upande wa kivuli chake.

Na fundi wetu? Ghafla akawa na kazi nyingi. Si tunaijua hiyo? Mtu anaonewa mbele yako, wewe unatafuta kitu mfukoni! Akashika msasa, akasugua kutu kwa bidii zote ili asimwone yule mama. Lakini vidole vyake vikakuta vitundu, vidogo vidogo, vimejipanga mstari. Akavijua palepale. Mafundi wa zamani kabla ya kupaka rangi waliigonga kila herufi kwa msumari, ili rangi ikichakaa, fundi wa kesho ajue pa kupita. Akaponda mkaa, akaupaka kwenye bati, akafuta kwa kitambaa. Vitundu vikabaki vyeusi. Akasoma mara mbili.

"Mzee, njoo usome."

"Macho yangu mabovu. Nisomee wewe."

"Marufuku kumnyima mtu maji. Halafu huku chini, herufi ndogo: tumekubaliana sote, mwaka wa ukame mkubwa."

Mzee akapapasa vile vitundu kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta uso wa mtu gizani.

"Mwaka wa ukame mkubwa," akasema polepole. "Ndio mwaka mama yangu aliofika hapa. Nilikuwa mgongoni kwake." "Mwanangu, sisi hatukuwa wa hapa."

Akaichukua ndoo ya yule mama, akachota mwenyewe. Tone la kwanza akamnywesha mtoto kwa kiganja chake. Fundi akafungua kopo, akafuata njia ya msumari mpaka mwisho. Hakuongeza hata nukta.

Sasa naona mnamcheka mzee. Chekeni taratibu. Nani kati yetu aliingia nyumba hii ya Mungu kwa miguu yake? Sote tuliletwa mgongoni: kuna aliyebebwa na bibi yake, kuna aliyebebwa na jirani aliyemkuta amelewa mtaroni, na mnajua namsema nani, nisikutaje. Katazo la kwanza la nyumba hii lilikuwa tusimnyime mtu. Sisi tukaiacha kutu iyatafune maneno yote, tukabaki na lile moja la juu, maana ndilo tamu mdomoni.

Yule dada wa kwaya tuliyemwambia asitie mguu humu mpaka ajifungue, hukumu ile tuliisoma kwenye kibao gani? Nani alitugongea herufi zake kwa msumari?

Amekaa pale nje kwenye ngazi. Nimempita nikiingia. Nilikuwa natafuta kitu mfukoni.

Sitamaliza mahubiri haya mkiwa mmekaa. Wewe mama uliye karibu na mlango, inuka. Kamlete binti yetu, na umketishe kwenye kiti changu.