Bango la Bi Somoe

Kaeni niwachekeshe. Bi Somoe alipenda mabango ya zamani ya sinema, yale ya thamani yaliyochapwa kwa bamba la jiwe. Siku moja Mbaruku, tajiri mwenye nyumba, akaingia kifua mbele.

"Nataka bango hilo la ukutani. Hutaki, hama!"

"Chukua, baba. Ila bila fremu litachanika."

Mbaruku akaagiza iletwe fremu ya sebuleni kwake, akachomoa karatasi kuukuu iliyokuwamo, akatia bango.

"Hiyo karatasi niachie nizibe ukuta."

"Ziba hata choo!"

Akaenda zake akicheka. Jirani, Bi Zume, akalia, "Amekupora, shoga!"

"Kanipora nini? Ile nakala ya juzi, nimeichovya chai ya tangawizi ichakae. Bango la jiwe lenyewe ndilo hili alilolichomoa kwenye fremu, miaka nalitolea macho sebuleni kwake. Yule akiinusa fremu, ataagiza na maandazi!"