Jumbe Chewa na Chawa wa Kooni

Hapo zamani za kale, na mtu asiniulize zamani ipi, kwani mimi nilikuwepo? Samaki wa mwambani walikuwa na jumbe wao, Chewa. Mnene huyo! Mdomo kama mlango wa banda! Akili sasa... haya, tulieni mtaisikia wenyewe.

Mwambani kulikuwa na chawa. Chawa wa samaki hajui Ijumaa wala Jumapili. Wa mchana wakishiba wanashuka kulala mchangani, wa usiku wanapanda. Fyoo! Fyoo! Damu tu.

Dawa yao walikuwa Mize na mumewe Shomari, visamaki vya milia ya buluu, urefu wa kidole. Walikuwa na kibaraza chao kwenye tumbawe. Samaki walipanga foleni, kila mmoja kwa zamu yake akapanua mdomo na kutulia tuli, nao wakaingia hadi kooni kudonoa chawa. Mwiko ulikuwa mmoja: kibarazani haliwi mtu.

Siku moja akaja Jumbe Chewa, akaipita foleni yote.

"Pisheni! Mimi Jumbe nisimame nyuma ya kisamaki kama tasi?"

Shomari akaingia mdomoni, akadonoa chawa mpaka wakaisha. Chewa akajiona safi, mwepesi, hana haja naye tena. Kwap! Akafunga mdomo.

"Hewala!" akasema, bila haya. "Nimeoshwa na nimekula."

Mize akalia, akaingia ndani na wanawe, kibaraza akakifunga siku tatu za matanga.

Siku ya tatu chawa walikuwa wamemjaa tena Chewa, hana pa kujikunia. Kichwa hicho kikubwa kikaona kitoe amri.

"Enyi chawa! Mimi Jumbe nasema, tokeni!"

"Subiri kidogo, Jumbe," akajibu chawa mmoja shavuni. "Zamu yetu inaisha magharibi. Wa usiku wakija, waambie wao."

Magharibi akamwendea Pono, ambaye hulala ndani ya chandarua cha ute wake mwenyewe.

"Nipe hicho chandarua!"

"Hakipokonywi, Jumbe. Kinatemwa," akasema Pono. Akageuka, akakoroma. Usingizi wa pono mnaujua.

Chewa akatema usiku kucha. Ptu! Ptu! Hata uzi mmoja hakupata. Ndani ya bahari, jamani, koo likamkauka!

Asubuhi, matanga yamekwisha na foleni imerudi, akafika kibarazani, macho mekundu, mashavu yamejaa chawa hadi kupumua ni shida.

"Bi Mize, nakufa! Nitoe hawa. Ukikataa, naivunja nyumba yako na watoto humo humo!"

Mize akawatazama wanawe. Akaogopa, tena sana. Lakini akasema, "Haya. Nenda mwisho wa foleni."

"Mimi?"

"Wewe."

Akaenda. Tasi aliyekuwa mbele yake akacheka mpaka mapezi yakamtetemeka.

Zamu yake ilipofika, Mize akaingia. Donoa, donoa, donoa. Chewa akaanza kupata nafuu, na nafuu ikamrudishia ulafi. Akajisemea moyoni, "Wakiisha tu, kwap!" Taya likaanza kujifunga polepole.

"Jumbe," Mize akaita kutoka kooni, "yupo mmoja huku ndani kabisa. Jike. Tumbo limejaa mayai, na kucha kazikita. Leo hatoki huyu. Ukinimeza, mayai yakianguliwa utamwita nani?"

Taya likasimama.

"Mayai mangapi?"

"Sijayahesabu. Ni mengi kuliko magamba yako."

"Basi toka, Bi Mize! Toka taratibu. Angalia meno yasikukwaruze!"

Mize akatoka mzima, akawakumbatia wanawe.

Kesho yake Chewa akarudi. Chawa wapya walikuwa wamempanda usiku kucha. Mize akawatoa wote, yule wa kooni akamwacha.

"Ametoka?"

"Bado, Jumbe."

Keshokutwa vile vile. Mwezi mzima vile vile.

Mnasema jike? Jike gani! Alikuwa dume, kizee, hata kuuma hawezi. Mize angemng'oa kwa pigo moja, ila alimweka pale awe mlinzi wake. Na Jumbe zima, lenye kichwa kama pipa, halijaijua siri hiyo mpaka leo. Kila asubuhi lipo kibarazani, mwisho wa foleni, nyuma ya tasi, mdomo wazi.

Mkono unaokukuna usiutafune, utabaki kuwashwa mchana na usiku.