Aliyeziona Nati Akanyamaza

Wapendwa, kabla sijaendelea na somo letu, naomba niwapakie kwenye bajaji. Msicheke. Najua mmevaa nguo za ibada, lakini tutabanana hivyo hivyo, na safari yenyewe ni ndefu: kutoka Mafinga mpaka Morogoro.

Ndiyo, kwa bajaji. Hii hii inayowapeleka sokoni.

Walikuwa marafiki watatu, na majina nimewapa mimi ili tusipotezane njiani. Wa kwanza Lutengano, fundi viatu. Wa pili Tusekile, mama mjane, mshonaji wa sare za shule. Wa tatu Zebedayo, dereva wa malori. Waliimba kwaya moja tangu ujana wao, pamoja na mwenzao wa nne, Aidani. Sasa huyo Aidani alikuwa anabarikiwa kuwa mchungaji, Jumapili, huko Morogoro. Akawapigia simu mmoja mmoja. Akasema, "Nikiinua macho nisiwaone ninyi, nitajiona nimebarikiwa nusu."

Wangeweza kupanda basi. Lakini Lutengano ndiyo kwanza alikuwa amenunua bajaji. Mtu amekaa kwenye kigoda miaka ishirini na miwili, miguu ya watu mbele ya macho yake, leo ana chombo chake mwenyewe! Mkewe alikishonea mto wa kitenge kwenye kiti cha nyuma. Lutengano akasema, "Tunakwenda na changu. Polepole, lakini tutafika."

Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. "Lute, hii kwenda sokoni tu inakohoa!" Lakini akakubali.

Zebedayo naye akakubali. Ila yeye alikuwa na sababu yake.

Hebu tumtazame vizuri huyu Zebedayo, maana mfano huu ni wake. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini. Tunduma, Dar es Salaam, Lubumbashi, barabara zote hizo alizijua kwa kona zake. Akirudi nyumbani, mtaa mzima unajua amerudi. Kisha tajiri wake akauza malori, na Zebedayo akakaa nyumbani mwaka wa kwanza, na wa pili. Ni katika mwaka huo wa pili ndipo Lutengano, aliyekuwa akimshonea kandambili zake, alipotokea mtaani anaendesha. Wala hakuendesha vizuri. Gia zinalia, tuta analiruka kama mbuzi. Lakini watoto wanamkimbilia, na wazee wanamwita "bosi."

Mke wa Zebedayo alisema maneno mawili tu, jioni, huku anapepeta mchele: "Lutengano amejitahidi."

Siku ile Zebedayo hakula.

Nawauliza ninyi: magari mangapi makubwa yalipita mbele ya Zebedayo kila siku, ya matajiri asiowajua? Hakuna hata moja lililomnyima chakula. Kilichomchoma ni hiki kibajaji cha matairi matatu. Kwa nini? Kwa sababu ni cha mtu aliyeanza naye maisha. Wivu, wapendwa, haupendi kwenda mbali. Unakaa jirani.

Basi Zebedayo alikubali kusafiri kwa sababu alitaka awepo bajaji itakapokufa. Alitaka aone kwa macho yake. Alishaandaa hata maneno: "Nilikwambia, Lute, barabara kuu si ya kila mtu."

Wakaondoka Ijumaa asubuhi. Lutengano usukanini, wawili nyuma, mabegi miguuni, na ndoo ya maparachichi ya Aidani mapajani mwa Tusekile. Malori yakiwapita, upepo wake unakitikisa chombo mpaka wanashikana mikono. Tusekile anaimba. Lutengano anampigia honi kila dereva wa lori kama vile wanafahamiana, na madereva nao wanajibu! Hilo nalo likamuuma Zebedayo. Wale walikuwa watu wake.

"Punguza gia," akamwambia.

"Ahsante, kaka."

"Usikae katikati ya barabara."

"Ahsante, kaka."

Kila anapomkosoa, anashukuriwa. Mnajua jambo hilo linavyomtesa mtu mwenye wivu? Afadhali angetukanwa.

Walipoingia Iringa, tairi la nyuma la kulia likapata pancha. Zebedayo moyo ukampiga kwa furaha. Lakini palikuwa na fundi wa pancha karibu, kijana mchangamfu, akapiga jeki, akafungua, akaziba. Lutengano na Tusekile wakaenda kununua chai. Zebedayo akabaki amesimama pale.

Yule fundi akarudisha tairi, akazungusha nati kwa vidole. Kabla hajashika spana kuzikaza, akaitwa na mwenye gari lingine. Akaenda. Aliporudi alikuwa amesahau. Akashusha jeki, akapiga tairi kofi, akasema, "Tayari, mzee."

Zebedayo aliona.

Alikuwa dereva wa miaka ishirini, wapendwa. Aliona kama mnavyoniona mimi. Neno lilikuwa moja tu: "Kaza." Mtoto angeweza kulisema.

Akanyamaza.

Hakutaka mtu afe. Nataka tuelewane hapo. Aliwaza tu hivi: tairi litaanza kuyumba hapo mbele, kwenye tambarare, tutasimama, tutapanda basi, na bajaji itarudi Mafinga ikiwa juu ya lori la mtu. Aibu kidogo tu. Basi.

Wakapita Ilula, ambako kando ya barabara wanauza nyanya na vitunguu. Huko ndiko sauti ilipoanza nyuma, upande wa kulia. Ko. Ko. Ko.

Tusekile akaacha kuimba. "Kaka Zebe, unasikia? Nini hicho kinagonga?"

Hapo Mungu alimpa nafasi ya pili. Na ya pili ni bora kuliko ya kwanza, maana sasa ameulizwa.

Zebedayo akasema, "Ni ndoo hiyo. Ishike vizuri."

Tusekile akaikumbatia ndoo. Maskini, akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

Sasa, mliosafiri njia ile mnajua kinachofuata baada ya tambarare. Ni Kitonga. Barabara inashuka ukutani mwa mlima, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule, na malori yamepangana mbele na nyuma. Bajaji ilikuwa haijasimama. Ilikuwa inagonga tu, na Kitonga imefika.

Pale juu, kabla ya kuanza kushuka, Lutengano akaegesha pembeni. Akashuka.

"Kaka," akasema, "nikwambie ukweli. Tangu asubuhi naogopa. Nilijikaza kwa sababu nilijua upo nyuma yangu. Mimi ni fundi viatu. Kati yetu dereva ni wewe. Hapa siwezi. Shika wewe."

Akamnyooshea ufunguo.

Jambo ambalo Zebedayo alilitamani miaka miwili, mtu amwite dereva, analetewa mkononi. Na analetewa na nani? Na tairi lipo katika hali gani? Akautazama ule mteremko. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba na yeye amepanda.

Mnadhani alitubu? Mimi ningependa kuwaambia alitubu. Alisema, "Ngoja kwanza nikague chombo." Akazunguka nyuma, akainama, akapiga yowe: "Lute! Njoo uone!" Nati moja ilikuwa imeshaanguka barabarani. Nyingine zinacheza kama meno ya mtoto.

Lutengano alipiga magoti kwenye changarawe. "Isingekuwa wewe, kaka! Isingekuwa jicho lako!" Tusekile akalia, akamshika mkono akaubusu. Zebedayo akachukua spana, akakaza zilizobaki, akaomba nati moja kwa dereva wa bajaji nyingine aliyekuwa anapumzika pale. Kisha akakaa usukanini, akawashusha Kitonga kwa gia ndogo, taratibu, mpaka chini. Aliendesha vizuri sana. Hilo tusimnyime.

Wakalala Mikumi. Jumamosi jioni wakafika Morogoro. Jumapili Aidani akabarikiwa, akainua macho, akawaona wote watatu.

Kisha kwenye sherehe, chini ya turubai, Lutengano akaomba kipaza sauti. Yeye ambaye kwenye mikutano hasemagi! Akasimulia yote. Bajaji, pancha, Kitonga. "Mnamwona yule pale? Huyo ndiye aliyetukomboa. Kama si yeye, leo mngekuwa mnatuzika." Watu wakasimama wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji mpya mwenyewe akatoka kwenye meza kuu akaja kumkumbatia.

Na katikati ya makofi yale, Zebedayo akashikwa na wivu.

Nisikilizeni. Alimwonea wivu mtu yule waliyekuwa wakimpigia makofi. Mtu mwenye jicho, mwenye upendo, aliyewaokoa rafiki zake. Alitamani kuwa yeye. Alikuwa na jina lake, amevaa shati lake, lakini hakuwa yeye. Tangu lini mtu akajionea wivu mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti?

Akanyanyuka. Akachukua kipaza sauti mkononi mwa Lutengano.

"Nilimwona fundi," akasema. "Iringa pale. Niliona hakukaza. Nikanyamaza. Na Tuse aliponiuliza, nikamwambia ni ndoo."

Lutengano hakuelewa haraka. Akauliza, polepole, "Ulitaka tufe?"

"Hapana. Nilitaka ikuaibishe. Kwa sababu ni yako. Na mimi nilikuwa nimekaa humo humo, Lute. Nilisahau kwamba nimekaa humo humo."

Lutengano akatoka nje, na sahani yake akaiacha mezani ikiwa na chakula.

Jumatatu asubuhi bajaji iliondoka na watu wawili. Aidani alimzuia Zebedayo siku moja, wakaomba pamoja, wakalia pamoja. Jumanne akampakia kwenye basi. Basi lilipofika Kitonga likaanza kupanda kwa kunguruma. Katikati ya mlima, Zebedayo akatazama dirishani. Akaiona bajaji. Ilikuwa imeelemewa, inapanda hatua moja moja, Lutengano usukanini, na Tusekile, mama wa miaka hamsini na mbili, yuko nyuma anasukuma huku begi likiwa kichwani.

"Konda, nishushe."

"Hapa? Kitonga? Mzee, unaumwa?"

"Nishushe, mwanangu."

Basi haliwezi kusimama pale. Wakamshusha juu kabisa, barabara inapopanuka. Zebedayo akashuka mlima kwa miguu, kona baada ya kona, amejibana kwenye mwamba, malori yanampigia honi. Alipowafikia alikuwa amelowa jasho.

Tusekile akasema, "Pole na kushuka, kaka."

Lutengano hakusalimu. Alikuwa anatazama mbele tu. Zebedayo akasimama pale, hajui mikono aiweke wapi. Ndipo Lutengano akasema bila kugeuka, "Sukuma upande wa kulia. Kushoto kuna mfereji."

Akasukuma upande wa kulia. Walisukuma mpaka juu, bila neno lingine.

Mnataka niwaambie kwamba pale juu walikumbatiana. Hapana. Lutengano alikunywa maji, akampa Tusekile, Tusekile akampa Zebedayo, na Lutengano akaona, akaacha. Kisha akasema neno moja: "Panda." Hakusema nimekusamehe. Hilo lilikuja baadaye, na lilichukua miezi. Ila siku ile alisema panda.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi hatujamchimbia mtu shimo, sivyo? Mikono yetu safi. Lakini ni mara ngapi tumejua biashara ya ndugu yetu inaelekea pabaya, tukanyamaza, tukasubiri tuone? Tumemwona mtoto wa jirani anaharibika, na kwa sababu mama yake alijisifu sana mtoto alipofaulu, tukasema, "Ngoja." Mwenzetu wa kwaya amepewa nafasi tuliyoitaka sisi, tukaona anakosea, na neno moja lingemsaidia, na tukalimeza. Zebedayo hakuzigusa zile nati. Alinyamaza tu. Ilitosha.

Na tunaomboleza nini, kanisa linapoyumba? Nyumba inapoyumba? Tulidhani sisi tumesimama kando ya barabara, tunatazama?

Wapo humu ndani wawili wawili waliokwepana mlangoni asubuhi hii. Sitawataja. Mimi huwa natangulia nje baada ya baraka kuwapa mikono. Leo sitatangulia. Nitakaa hapa madhabahuni kwa muda mrefu kidogo, na wazee wa kanisa watanisubiri. Tumieni muda huo. Mtafuteni huyo mtu kabla hajafika getini, na mwambieni lile neno mlilolimeza.